Mwezi Mpya Ulikuwa Jana

Tangu nirudi kutoka Buna, kila ninayekutana naye karibu na soko la mifugo ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje? Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia, kuna mtu pembeni anaongeza mambo ambayo hayakutokea. Basi nimeandika mwenyewe. Atakayeuliza tena nitamwambia akasome.

Waliosema sitafika

Nianze na waliosema sitaweza, maana walikuwa wengi na hawakusema kwa kunong'ona. Walisema mtoto wa muuza makaa hawezi kupata diploma ya upimaji wa ardhi. Ninayo, imetundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuitazama. Walisema nikienda Uarabuni kupima viwanja sitarudi, au nitarudi na begi lenye nguo chafu tu. Nimerudi, na ile nyumba ya mabati ya buluu nyuma ya msikiti ni yangu. Hakuna aliyenisaidia kupigilia hata msumari mmoja, isipokuwa fundi.

Likabaki jambo moja: mke. Nilimjua Rukia alipokuja Garissa kusomea uuguzi, na alipomaliza akarudi kwao Buna, huko juu kaskazini ya Wajir. Nikatuma wazee, wakakubaliwa. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu, kufika siku niliyopangiwa.

"Waryaa Diploma," alisema binamu yangu Bishar, dalali wa ngamia ambaye mdomo wake hauna likizo, "wewe ufike Buna? Umezoea barabara za Waarabu, zimenyooka kama rula. Ukipita Modogashe utalia kama mbuzi aliyeachwa na kundi."

Diploma ndilo jina langu la utani. Kwetu kila mtu analo, na likikushika halikuachi. Kuna mzee mtaani kwetu aliitwa Masikio tangu utotoni. Watoto wake wanaitwa watoto wa Masikio, na ana mjukuu mwenye masikio madogo kama ya paka, naye ni Masikio. Wengine huitwa Kilema, Jicho, Tumbo. Mimi nilibahatika, na jina langu nililitunza kama mtu anavyotunza ngamia wa maziwa.

Sasa sikilizeni jinsi siku ilivyopangwa. Baba yake Rukia, Haji Adan, nyumbani kwake huzungumza Kiborana. Mimi nimezaliwa na Kisomali. Tukakutana katikati, kwenye Kiswahili.

"Njoo mwezi mpya," aliniambia kwenye simu. "Mwezi ukiingia tu, kesho yake asubuhi tunafunga ndoa. Mimi nina neno moja, kijana. Kuna watu wengine wametuma wazee kwa ajili ya huyu binti, nikawaambia nimeshatoa neno. Sitaki mkwe anayevunja lake."

Mtu mwingine angeuliza mwezi mpya ni lini. Mimi nilimwambia. Kwa aliyesoma si kazi: mwezi mpya ni pale mwezi unapofika katikati ya jua na dunia, upande wake unaong'aa ukatazama jua, na sisi tukageuziwa mgongo wenye giza. Hesabu yake inajulikana mapema kama treni.

"Haji, mwezi mpya ni Alhamisi," nikasema. "Mchana, baada ya saa sita."

"Inshallah," akasema.

Nikaona tumeelewana.

Kumuuliza Rukia sikuweza. Wiki hiyo alikuwa ameshawekwa ndani na wanawake wa ukoo wake, na simu yake imewekwa ndani pamoja naye.

Nikaazima vitu vichache. Si kwamba sina, lakini mtu anayekwenda kuoa mbali hupendeza akibeba kitu cha kila jirani. Bishar aliniazima koti lake la kijivu huku akicheka. Mama Habiba, anayeuza chai karibu na ofisi za kaunti, aliniazima chupa yake kubwa ya chai: "Irudi imejaa, Diploma. Tupu siitaki." Jirani yangu Mwalimu Hassan aliniazima darubini yake ya kutazamia ndege. "Hii itakusaidia kuiona Buna kwa mbali," akasema, "maana kwa karibu hutaiona." Nikawaahidi wote watatu kwamba Jumatatu adhuhuri kila kitu kitakuwa kwa mwenyewe.

Garissa hadi Modogashe

Tuliondoka Jumatano. Nilisafiri na adeer Salat, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye angesimama upande wangu kwenye ndoa. Adeer hupenda kuzungumza Kiswahili akiwa safarini. Anasema Kisomali ni lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya gari. Ulimi wake hauna urafiki na herufi P wala V, kwa hiyo mimi huniita Diboloma.

Basi lilichelewa kuondoka kwa sababu ya kitanda. Kulikuwa na abiria aliyenunua kitanda cha chuma na hakutaka kikunjwe juu ya basi. Alitaka kipandishwe kimesimama. Walibishana mpaka chai ya kwanza kwenye chupa ya Mama Habiba ikaisha.

Tulipovuka mji, nikaona ni vizuri watu wajue wanasafiri na nani. Nikawaeleza jambo la mwezi mpya. Kwenye kiti cha pili alikuwa mama mmoja mfanyabiashara anayekwenda Habaswein na mzigo wa mashuka, na alisikiliza vizuri kuliko wote.

"Mwezi ukiwa mpya," nikasema, "jua na mwezi viko upande mmoja, vinavuta pamoja. Ndiyo maana watu wa Pwani hupata maji ya bamvua. Bahari inajaa kupita kawaida, halafu inatoka kupita kawaida."

"Na mto Tana?" akauliza mama.

"Tana ni mdogo kwa jambo hilo."

"Usitukane mto wetu. Na visima vya Wajir?"

"Mama, hata ardhi yenyewe inavutwa. Inainuka kidogo na kushuka, ila sisi hatuhisi."

Hapo basi likaingia shimoni na sote tukarushwa mpaka vichwa vikagonga dari.

"Nimehisi!" akapiga kelele mama. "Wallahi nimehisi!"

Basi zima likacheka, na kutoka hapo kila shimo tulilopiga, mtu alisema, "Diploma, mwezi wako umevuta." Nikacheka nao. Mwalimu mzuri hafurahii kimya cha wanafunzi.

Gurudumu likapasuka mara ya kwanza. Tukakaa kivulini, tukala tende. Likapasuka la akiba, na tende zikawa zimekwisha.

Modogashe

Tuliingia Modogashe jua likizama. Nilidhani tutakula na kuendelea. Dereva, mtu mwenye ndevu alizozitia hina mpaka zikawa rangi ya chungwa, alizima injini, akachukua shuka lake.

"Tunalala hapa," akasema. "Haya ni majira ya giza. Mwezi haupo."

"Ndugu yangu, nina harusi Buna."

"Na mimi nina macho mawili tu. Ngamia akilala barabarani usiku wenye mwezi, namwona yeye na kivuli chake, nachagua nitapita wapi. Usiku wa giza namwona akiwa ameshaingia dirishani."

Nikamweleza kwamba taa za basi zina nguvu ya kutosha. Akaniuliza kama diploma yangu inajua kushika breki. Adeer akanivuta mkono.

"Diboloma, bole bole. Wewe umetangaza mwezi huu kutoka Garissa mbaka hapa. Sasa mwezi wako mwenyewe ndio umetusimamisha. Utamlalamikia nani?"

Nikaagiza wali na nyama ya mbuzi. Kwenye hoteli moja ya mabati walituletea na ndizi pembeni, kama inavyotakiwa. Mwenye hoteli alifunga zizi lake kwa miiba maradufu kabla hata hatujamaliza kula, maana alisema fisi nao wanajua kalenda. Giza lilikuwa zito, na nyota zilikuwa nyingi mno, hata mimi niliyeishi mjini miaka mingi nilikaa nikizitazama kimya. Adeer alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza nimenyamaza tangu tutoke Garissa.

Habaswein hadi Wajir

Alhamisi tulipita Habaswein, yule mama akashuka na mashuka yake. Aliniombea dua ya ndoa na kuniambia nisimfundishe mke wangu mambo ya mwezi siku ya kwanza.

Mbele kidogo, simu yangu ikalia. Nilikuwa nimeitegea kengele ya saa hiyo. Nikasimama katikati ya basi.

"Jamaa, sasa hivi! Mwezi ni mpya!"

Wote wakatoa vichwa madirishani. Lilikuwapo jua, tena kali sana.

"Uko wapi?" akauliza kijana mmoja wa Wajir.

"Upande huo huo wa jua. Hauonekani."

"Kaka," akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "mwezi uko mchana, hauonekani, na ni mpya. Hiyo uliisomea kwa miaka mingapi?"

Tulifika Wajir wakati wa magharibi. Gari la Buna lilikuwa limeondoka, na jingine lingeondoka Ijumaa asubuhi. Nilihesabu kwa vidole: nimeshachelewa. Neno la Haji Adan lilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa inazama mbele ya macho yangu nikiwa nimesimama Wajir na koti la mtu mkononi.

Mwenye nyumba tuliyofikia aliposikia ninakwenda kuoa, akatuletea nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa ikakatwa vipande vidogo na kukaangwa ndani ya samli. Chakula hicho mtu mwenye huzuni hawezi kukila akabaki na huzuni yake. Mimi nilijitahidi. Adeer alitoka nje akatazama magharibi, akarudi.

"Diboloma, huo mwezi wako siuoni."

"Upo, adeer. Umejificha."

"Kama bibi harusi," akasema, akanyoosha mkono kwenye sahani yangu.

Wajir hadi Buna

Tulipanda gari la mizigo, sisi watu saba, magunia ya sukari, na jogoo mmoja wa dereva ambaye hakuna aliyeeleza anakwenda wapi. Njia ni mchanga mwekundu, vichaka, na ngamia wanaokutazama kama wanaokumbuka walikuona mahali. Njia nzima nilikariri maneno ya kuomba radhi. Niliyapanga kwa ufasaha, yenye mwanzo, kati na mwisho, na kila niliyoyapanga shimo liliyapangua.

"Kama ameshawaita wale wengine?" nikamuuliza adeer.

"Basi tutakula harusi yao," akasema. "Njaa haina ukoo." Lakini niliona naye hakusinzia.

Buna

Tuliingia Buna Ijumaa jua limeinama. Haji Adan alikuwa ameketi nje ya boma lake kwenye kiti cha plastiki, mswaki wa mti mdomoni, na wazee wengine wanne wamemzunguka. Nilitafuta moshi wa sherehe, sikuuona. Turubai halikuwapo. Hakuna hata mbuzi aliyefungwa. Nikajua ameghairi. Nikavaa koti la Bishar katika joto lile, nikamwendea.

"Haji, nakuomba radhi. Nimechelewa siku nzima. Barabara ilitukatalia."

Akautoa mswaki mdomoni. "Umechelewa nini? Umewahi. Wanawake hata vitunguu hawajakata."

"Lakini ahadi yetu ilikuwa mwezi mpya."

"Ndiyo. Tutautazama jioni hii."

Hapo mtu yeyote angeshukuru Mungu na kuomba maji ya kunywa. Lakini mimi ni msomi.

"Haji," nikasema, "mwezi mpya ulikuwa jana."

"Jana?"

"Jana mchana."

"Nani aliuona?"

"Hakuna. Mwezi mpya hauonekani, Haji. Ndiyo maana ni mpya."

Wazee wakaangua kicheko. Mdogo wake Haji, mzee Dima, ambaye meno ya mbele yalishamtoka, alipiga goti lake kwa furaha. "Huyu tumwite Jana! Karibu, Bwana Jana! Chai utakunywa leo, au ulishakunywa jana?"

Nililijua jambo hilo. Ndivyo jina linavyoanza. Nikaona wanangu wakiitwa watoto wa Jana.

Lakini Haji Adan hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kijana, nisikilize," akasema. "Nilitoa neno: mwezi mpya. Kama mwezi mpya ulikuwa jana, basi jana nilitakiwa niwe tayari, na sikuwa tayari. Unaniambia mbele ya ndugu zangu kwamba nimevunja neno?"

"Hapana, Haji!"

"Basi wewe umelivunja, maana jana hukuwapo hapa. Mmoja wetu ni mwongo. Chagua ni nani, halafu nijue naita wazee wepi, wa kwenu au wa wale wengine."

Nilifungua mdomo. Yale maneno yangu fasaha ya kwenye gari hayakuwamo. Nyuma ya ua wa vijiti nilisikia wanawake wakisogea kusikiliza, na nilijua ni nani amesogea kuliko wote.

Adeer Salat akakohoa.

"Haji, nisaidie jambo moja. Kwenu mtoto akizaliwa leo, mnamtoa nje leo, watu wamwone?"

"La. Anakaa ndani na mama yake."

"Lakini amezaliwa."

"Amezaliwa."

"Basi. Mwezi ulizaliwa jana. Huyu kijana wetu alibigiwa simu na mkunga. Wewe unangoja utolewe nje. Mwongo ni nani habo?"

Wazee wakatazamana. Nilikuwa karibu kulisema hilo mimi mwenyewe. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, adeer akaniwahi tu.

Haji akaurudisha mswaki mdomoni, akautafuna kidogo. "Vizuri. Kama ulizaliwa jana, leo utoke nje. Ukitoka, kesho ndoa. Usipotoka, kijana wako ametuchezea, na mimi nitajua la kufanya."

Tukaswali magharibi, tukasimama uwanjani. Wingu refu lilikuwa limelala upande wa magharibi kama mtu anayefanya makusudi. Nikaitoa darubini ya Mwalimu Hassan, nikaanza mahali jua lilipozamia, nikapanda taratibu. Na wallahi, niliuona.

"Ule pale!"

"Wewe hatukuulizi," akasema Haji Adan. "Mwenye harusi hashuhudii mwezi wa harusi yake. Huyo hata ukucha wake mwenyewe atauona mbinguni."

Waliokuwapo wakakubali kwamba hiyo ni haki. Nikabaki mtu pekee wa Buna aliyeuona mwezi, na mtu pekee asiyeruhusiwa kuuona. Ikabidi niwafundishe wengine kwa sauti.

"Shikeni ule mlingoti wa simu! Kwenye ncha yake, njooni kushoto kiganja kimoja! Pandeni juu ya wingu kidogo! Hapo, palipo na kitu cheupe!"

"Hilo ni wingu," akasema mmoja.

"Hilo ni kope lako," akasema Dima.

"Si cheupe hicho! Kile cha juu yake!"

Mara vigelegele vikalipuka nyuma ya ua. Haji akageuka. "Nani ameuona huko?"

"Rukia!" wakajibu wanawake.

"Na huyo naye ni mwenye harusi!" akafoka, lakini safari hii sauti yake ilimponyoka, akacheka, na uwanja mzima ukacheka naye.

Wingu likasogea. Mzee Dima alikuwa amefumba jicho moja, kidevu juu.

"Nyamazeni," akasema. "Nauona. Umelala chali kama bakuli." Akatazama tena, mdomo wazi. "Na jamani, huu si mchanga wa leo. Una mwili. Huu umezaliwa jana!"

Haji Adan akaufuata mkono wa ndugu yake, akatazama muda mrefu, kisha akainua viganja vyake kuomba dua. Alipomaliza akanishika bega.

"Jana," akasema, "kaoge. Unanuka sukari na jogoo."

Garissa tena

Ndoa ilifungwa Jumamosi asubuhi. Jinsi ilivyopendeza sisemi, maana nitaambiwa najisifu. Nitasema tu kwamba mbuzi hawakutosha wakaongezwa, na koti la Bishar lilisifiwa na watu wasiomjua Bishar.

Kurudi tulikuwa na Rukia, na barabara ilikuwa ile ile. Alicheka kila shimo. Mvua ilitukamata Habaswein, tukamkuta yule mama wa mashuka, akatulisha na kutupa shuka moja jekundu. Tuliingia Garissa Jumanne, na sikwenda nyumbani kwanza. Nilikodi tuktuk, nikamweka Rukia na adeer nyuma, nikaanza kulipa walioniazima.

Mama Habiba nilimrudishia chupa imejaa maziwa ya ngamia ya Wajir, yale yaliyochacha vizuri. Aliifungua, akanusa, akaita wateja wake wote waje waone. Mwalimu Hassan nilimpa darubini na kopo la nyirinyiri, nikamwambia nimeiona Buna kwa karibu, na ni nzuri. Alikubali kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umeshajaa.

Wa mwisho alikuwa Bishar. Nilimkuta sokoni katikati ya ngamia na watu, na nilijua kabla sijashuka kwamba habari imenitangulia. Simu husafiri bila gurudumu kupasuka.

"Shalay!" akapiga kelele, yaani jana kwa Kisomali, soko zima likageuka. "Karibu Shalay! Kumbe ulifika!"

"Nilifika. Huyu mke wangu, na hili koti lako. Mfukoni kuna halwa."

Akalipokea koti, akalikung'uta mbele ya watu ili wote waone. "Koti sawa. Lakini wewe mtu wa hesabu, uliniahidi Jumatatu adhuhuri. Leo ni Jumanne. Deni limechelewa, Shalay!"

Watu wakacheka. Rukia akatoa kichwa ndani ya tuktuk.

"Shemeji Bishar," akasema, "mume wangu anaitwa nani?"

"Shalay!"

"Basi amekulipa jana."